Picha za Mbingu na Wauza Nyota

Shukrani zote zamrejea Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyeiwekea kila nyota njia yake isiyoivuka. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake, na kila aliyeifuata njia yao kwa wema hata Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu Waislamu,

Katika zama zetu hizi Mwenyezi Mungu amewawezesha wanadamu kuyaona mambo ya mbinguni ambayo wazee wetu hawakupata kuyaona. Picha za nyota, za sayari, na za ardhi yetu yenyewe ikitazamwa kutoka juu, zimeenea hata hapana mwenye simu mkononi asiyepata kuletewa moja. Zapitishwa barazani, zapitishwa baina ya akina mama majumbani, na aghlabu chini yake pameandikwa: Subhanallah. Tamko hilo ni jema, na mwenye kulitamka hana lawama. Lakini twapenda kuuliza: baada ya kusema Subhanallah, picha ile yatufanya nini? Yatuongezea tawhidi, au yatupita kama upepo upitavyo juu ya makuti?

Twaliuliza swali hili kwa sababu. Katika duara letu la masomo hapa Sirisia, katika nchi ya Bungoma, tumeona jambo la kusikitisha. Mtu yule yule ambaye leo huleta picha ya nyota, macho yakamlenga machozi kwa utukufu wa Mola wake, kesho yuko mlangoni kwa mganga, auliza nyota yake imekwenda wapi. Ulimi wamtukuza Muumba wa nyota, na mfuko wailipia nyota. Mambo mawili haya hayakai pamoja katika moyo mmoja, na nia yetu katika maneno haya ni kuyatenganisha.

Huenda ndugu zetu wa mwambao wakasema: Sirisia i mbali, yatuhusu nini? Jawabu ni kwamba ugonjwa ni mmoja. Maandishi ya "kusafisha nyota" yabandikwayo juu ya miti na nguzo za umeme katika miji yenu, ndiyo hayo hayo tuyaonayo huku chini ya Mlima Elgon, karibu na mpaka wa Uganda. Tena sisi wachache tuliotoka pwani tukatua huku kwa biashara na kazi, tumepata neema moja ambayo miji mikubwa imeipoteza kwa wingi wa taa: usiku usio na mawingu mbingu yaonekana. Na kwa kuwa tuko karibu na mstari wa ikweta, nyota za kaskazini na za kusini zote hutupitia kwa zamu mwaka mzima. Anayekaa mahali kama hapa hana udhuru wa kutotafakari. Majirani zetu Wabukusu tangu kale wanalo jina la Muumba, Wele Khakaba, kwani fitra ya mwanadamu humwelekeza kwa Aliyemuumba hata kabla hajafikiwa na kitabu.

Basi na tuanze na amri. Kutazama mbinguni si mchezo wala si kazi ya watu wasio na shughuli. Katika Sura ya Al-Mulk Mwenyezi Mungu ametutaka tuitazame mbingu, kisha tuyarudishe macho mara ya pili tutafute kama ina ufa, naye ametueleza kuwa macho yatarejea yamechoka bila ya kuona kasoro. Na mwisho wa Sura ya Aal Imran amewasifu wale wanaomkumbuka wakiwa wamesimama, wamekaa na wamelala, na wanaotafakari juu ya kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Amepokea Ibn Hibban kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba usiku zilipoteremka aya hizo Mtume (S.A.W.) alisali na kulia hata ardhi ikarowa, na Bilali alipokuja kumjulisha Sala ya Alfajiri akamkuta bado analia. Akamwambia kuwa ameteremshiwa aya, na kwamba ole wake mwenye kuzisoma asizitafakari. Mtume wetu alilia kwa aya, wala hakuwa na darubini. Sisi tunazo aya, tena tunazo picha, na macho yetu ni makavu.

Hebu sasa tuzitazame baadhi ya picha hizo kwa mazingatio.

Tarehe 24 Desemba 1968 watu watatu wa Marekani, katika safari iitwayo Apollo 8, walikuwa wakiuzunguka mwezi. Mmoja wao, William Anders, akaipiga picha ardhi yetu ikichomoza nyuma ya ukingo wa mwezi kama sisi tuonavyo mwezi ukichomoza baharini. Miaka minne baadaye, tarehe 7 Desemba 1972, wasafiri wa Apollo 17 wakiwa kiasi cha kilomita 29,000 kutoka ardhini walipiga picha nyingine, na hii ndiyo twapenda kila Mwislamu wa Afrika ya Mashariki aitazame. Imeionyesha ardhi ikiwa duara kamili lililoangazwa na jua, na iliyojitokeza mbele si Ulaya wala si Marekani. Ni bara letu la Afrika, Bukini pembeni yake, na juu yake Bara Arabu pamoja na Hijazi. Pwani yetu yote imo, na bahari waliyoivuka mababu zetu kwa majahazi imo, na nchi ya Makka imo, katika mtazamo mmoja.

Tuichukue picha hiyo tuifanye kubwa kama sahani ya pilau. Mwendo wa kutoka Sirisia hata Mombasa, ambao kwa basi hutuchosha usiku na mchana, hautazidi upana wa kidole gumba. Ndani ya kidole hicho yamo makabila yetu yote, magomvi yetu yote, mashamba tuyagombaniayo, na mabaraza tunayokaa tukimsema huyu na yule. Je, mwenye kuiona picha hii akafahamu, atathubutu kutembea kwa kiburi juu ya ardhi? Luqman alimkanya mwanawe kiburi hicho, na Qur'ani ikatuhifadhia nasaha yake.

Kisha tarehe 14 Februari 1990 chombo kiitwacho Voyager 1, kikiwa kimekwisha kufika kiasi cha kilomita bilioni 6 kutoka kwetu, kiligeuzwa kikaipiga picha ardhi. Katika picha hiyo hapana bara wala bahari. Pana nukta moja hafifu iliyo ndani ya mwale wa nuru, ambayo asiyeonyeshwa hataiona. Nukta hiyo ndiyo sisi, wafalme wetu na mafukara wetu, waliotangulia na walioko.

Na mwezi wa Julai 2022 zikatolewa picha za kwanza za darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 na kuwekwa kilomita milioni 1.5 kutoka ardhini. Kioo chake kina upana wa mita 6.5. Ilielekezwa mahali padogo sana pa mbingu, padogo kama chembe ya mchanga aliyoishika mtu kwa mkono ulionyooshwa. Ndani ya chembe hiyo zilionekana galaksi kwa maelfu, na galaksi ni mkusanyiko wa nyota zisizohesabika. Nuru hukata kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Ile ya jua hutufikia kwa muda wa dakika nane na kitu, lakini nuru ya galaksi zilizo katikati ya picha hiyo imekuwa njiani yapata miaka bilioni 4.6. Zingatieni, ndugu: Qur'ani yatuambia kuwa nyota ni pambo la mbingu ya dunia, yaani iliyo karibu. Ikiwa pambo la mlangoni ni hili, basi nyumba nzima itakuwaje? Na Mwenye nyumba je?

Wala msidhani ya kuwa mambo haya ni ya watu wa mbali peke yao. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco ambalo Wataliani walilisimamisha baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa satelaiti iliyopewa jina la lugha yetu, Uhuru. Ilikuwa ndiyo satelaiti ya kwanza kufanywa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo mbinguni, na iliandikisha vyanzo vya miale hiyo zaidi ya 300. Miongoni mwake ni kile kiitwacho Cygnus X-1, ambacho uchunguzi wake uliwaongoza wanazuoni kusadiki kuwa yako mashimo meusi, yaani vitu vyenye mvuto mkubwa hata nuru haiwezi kutoka ndani yake. Jambo hili lilianzia mbele ya nyavu za wavuvi wetu. Ulizeni katika skuli zetu za pwani ni watoto wangapi wanaolijua. Kisha ulizeni ni wangapi wanaojua kuwa "nyota yao" ni Nge au Simba. Jawabu mtakalolipata ndiyo khutba yenyewe.

Basi na tuingie katika shina la maneno yetu. Ni nyota gani hiyo wanayoiuza waganga?

Mwenye kupiga falaki humwuliza mtu jina lake na jina la mamaye, akazihesabu herufi kwa hesabu ya abjadi, akaigawa jumla kwa kumi na mbili, na kinachobaki akakiita nyota ya mtu yule: Hamali, Thauri, Jauza, mpaka mwisho wa buruji. Kisha humwambia kuwa nyota hiyo imefungwa, au imeibwa, au imechafuka, na kwamba anaweza kuisafisha kwa fedha kadha wa kadha.

Tuchukue Thauri, naye ndiye Ng'ombe. Jicho la ng'ombe huyo ni nyota nyekundu iitwayo Addabarani, na begani mwake pana Kilimia. Wanazuoni wamepima wakaona kuwa Addabarani i mbali nasi mwendo wa nuru wa miaka 65, na Kilimia yapata miaka 440. Basi nyota hizo hazikukaribiana kabisa. Zaonekana jirani kwa kuwa sisi twazitazama kutoka mahali petu. Mfano wake ni mtu asimamaye usiku penye ukuta wa Fort Jesus akaona taa ya mashua iliyo karibu na taa ya meli iliyo upeoni, akaziunganisha kwa kidole chake akasema: huyu ni ng'ombe, naye ndiye amzuiliaye mwanangu kazi! Ng'ombe hayuko. Kilichoko ni taa mbili za watu wawili wasiojuana.

Tena yako mengine. Wenye kupiga buruji husema kuwa yapata tarehe 21 Machi jua huingia Hamali. Mwenye kuijua mbingu aweza kupima akaona kuwa siku hiyo jua liko mbele ya nyota za Hutu, kwani mhimili wa ardhi huyumba polepole na mambo yamesogea tangu zama za Wayunani waliozipanga buruji hizo. Yaani wauza nyota hawaijui hata bidhaa yao ilipo.

Lakini hoja yetu kubwa si ya hesabu, ni ya itikadi. Nabii Ibrahim (A.S.), kama ilivyo katika Sura ya Al-An'am, aliwahoji watu wake kwa nyota, kisha kwa mwezi, kisha kwa jua, na kila kimoja kilipokuchwa akabainisha kuwa kitu chenye kuzama hakifai kuwa mola. Katika Sura ya Fussilat tumekatazwa kulisujudia jua na mwezi, tukaamrishwa kumsujudia Aliyeviumba. Amesema Qatada, mwanafunzi wa masahaba, na Imam Bukhari akamnukuu, kwamba nyota zimeumbwa kwa mambo matatu: kuwa pambo la mbingu, kuwa vya kuwapigia mashetani, na kuwa alama za kuongoza njia, na mwenye kuzidisha lisilokuwa hayo amekosea. Na Mtume (S.A.W.) amekwisha kutuonya kuwa mwenye kumwendea mpiga ramli akamwuliza jambo, haikubaliwi sala yake siku arubaini. Haya yamo katika Sahihi Muslim. Siku arubaini, ndugu! Mtu huenda akasali safu ya mbele Ijumaa sita mfululizo, hali ya kuwa amekwisha kuiuza thawabu ya sala zake kwa swali moja.

Na si dini peke yake inayopotea. Alikuja kwetu mama mmoja, mtu mzima, ambaye kijana wake amemaliza masomo na kazi hapati. Ameambiwa kuwa nyota ya kijana imechukuliwa na mtu wa ukoo, na kwamba yatakiwa ndama mmoja na kiasi cha fedha kilicho sawasawa na ada ya skuli ya binti yake mdogo. Tazameni jinsi mlango mmoja wa ushirikina unavyofungua milango mingine: ndama ameuzwa, binti amefukuzwa skuli, na ndugu wa damu amedhaniwa mchawi. Tulimwambia: "Mama yetu, Mola aliyezishika hizo galaksi zote zisianguke, hakumwachia mtu wa ukoo wako ufunguo wa riziki ya mwanao. Nenda ukailipe ada ya binti, umwombe Mwenyezi Mungu usiku, na umwache kijana aendelee kutafuta." Akaenda akailipa. Kijana angali akitafuta kazi hata leo, nasi hatumfichi msomaji jambo hilo, kwani hatukumwahidi muujiza. Ila nyumba ile ina binti asomaye, ina ndama zizini, na ina jamaa wanaosalimiana.

Katika mvua kadhalika. Riziki ya watu wa huku ni mahindi na kahawa, na macho yao yako juu. Baada ya mvua ya usiku, walipokuwa Hudaybiya, Mtume (S.A.W.) aliwafunza masahaba kwamba mwenye kusema tumenyeshewa kwa fadhila ya Mwenyezi Mungu amemwamini Yeye, na mwenye kusema tumenyeshewa kwa nyota fulani ameiamini nyota. Basi je, ni haramu kwa mkulima kuitazama Kilimia? La. Wazee wetu waliipa jina hilo kwa ajili ya kulima, wakaifanya alama ya kujua majira. Alama haina dhambi. Saa ya ukutani yatujulisha kuwa adhuhuri imeingia, wala hapana aiambiaye saa kuwa ndiyo iliyoleta adhuhuri. Dhambi ni kuiomba alama.

Kwa hivyo asije mtu akadhani kuwa twaikataza elimu ya nyota. Twaikataza falaki ya mganga, na twaihimiza falaki ya mwanazuoni. Waislamu ndio waliokuwa mabwana wa elimu hii. Abdul-Rahman As-Sufi, yapata mwaka 964, aliandika kitabu cha nyota ambamo ameitaja Andromeda kuwa ni kiwingu kidogo. Leo yajulikana kuwa kiwingu hicho ni galaksi iliyo mbali nasi mwendo wa nuru wa miaka milioni 2.5. Aliiona kwa jicho lake na akaiandika kama alivyoiona, hakuongeza kitu. Na majina ya nyota nyingi katika vitabu vya Wazungu hata leo ni ya Kiarabu: Aldebaran, Vega, Altair, Rigel. Waliyachukua majina kutoka kwetu, nasi tukabaki na ramli.

Na elimu hii yamfaa mtu wa kawaida. Kila mwaka, yapata tarehe 28 Mei saa sita na dakika 18 mchana, na yapata tarehe 16 Julai saa sita na dakika 27, kwa saa zetu za Afrika ya Mashariki ambazo ni sawa na za Makka, jua huwa juu ya Al-Kaaba barabara. Mwenye kusimamisha fimbo iliyonyooka wakati huo, akalielekea jua na kukipa kisogo kivuli cha fimbo, ameelekea kibla. Huku Sirisia ataona kuwa kibla ni kaskazini kwa kupinda kidogo mashariki. Mombasa ni kaskazini karibu kabisa. Hapana ada, hapana ubani, hapana kuku mweusi. Hii ndiyo nyota iliyotiishwa kwa ajili ya mwanadamu, inamwongoza asali.

Limebaki jambo moja, nalo twalisema kwa uchungu kwa sababu hulifanya watu wapendao dini. Pamoja na picha za kweli hupitishwa habari za uongo kwa nia ya kuutukuza Uislamu. Wamesema kuwa Neil Armstrong alisikia adhana mwezini akasilimu. Naye mwenyewe, uhai wake, aliikanusha habari hiyo. Wameleta picha ya bonde la mwezini lenye urefu wa kiasi cha kilomita 300, lililopigwa picha na safari ya Apollo 10 mwaka 1969, wakasema ndiyo alama ya mwezi ulipopasuka. Na bonde hilo halikuuzunguka mwezi, ni mahali ambapo ardhi yake imedidimia baina ya nyufa mbili. Wameleta picha ya Makka iking'aa usiku wakasema ni nuru isiyo na sababu, ilhali ni taa za umeme za Msikiti Mtukufu na mji wake. Sisi twaamini kuwa mwezi ulipasuka, kwani imo katika Qur'ani na katika hadithi sahihi. Imani hiyo haikungoja picha, wala haihitaji uongo kuitegemeza. Na Mtume (S.A.W.) ametuhadharisha kuwa yatosha kuwa ni uongo kwa mtu kusimulia kila alisikialo.

Hata hao wenye darubini wana adabu katika jambo hili. Nuru inayopokewa na James Webb aghlabu ni ile isiyoonekana kwa jicho la mwanadamu, na rangi nzuri tuzionazo zimetiwa na wataalamu ili kubainisha urefu mbalimbali wa mawimbi ya nuru. Nao husema hivyo waziwazi, hawakumficha mtu. Je, haitupasi sisi watu wa Kitabu kuwa wakweli zaidi yao?

Tazameni alivyofanya Mtume wetu. Katika mwaka wa 10 wa Hijra alifariki mwanawe Ibrahim, na siku ile ile jua likapatwa. Watu wakaanza kusema kuwa jua limehuzunika kwa ajili ya mwana wa Mtume. Angalinyamaza, heshima yake ingalizidi machoni pao, na wala hapana ambaye angalimpinga. Lakini baba huyu, aliyetoka kumzika mwanawe, alisimama akawafahamisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, na akawaamuru wasali na waombe. Kwa kauli moja amewavunja wauza nyota na wauza uongo pamoja: ikiwa jua halikupatwa kwa ajili ya mwana wa Mtume, ni nani wewe hata nyota ifungwe kwa ajili yako? Na ikiwa Mtume alikataa kutukuzwa kwa habari isiyo ya kweli, ni nani aliyetupa sisi ruhusa ya kumtukuza kwayo? Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, ukawa mwekundu juu ya Afrika ya Mashariki kwa kuingia katika kivuli cha ardhi yetu. Walioamka wakasali wamepata. Waliopiga madebe, au waliopiga picha tu wakalala, wamepitwa.

Kwa hayo tuliyoyaeleza, ndugu zetu wa mwambao na wa bara, twawausia mambo manne. Kwanza, kila ukiletewa picha ya mbingu, isome na aya yake. Mfunue mwanao msahafu kabla hujamfungulia picha ya pili. Pili, usipitishe habari mpaka uhakikishe, na ukishindwa kuhakikisha nyamaza. Tatu, walimu wa madrasa waitie elimu ya falaki ya haki katika masomo yao, japo kwa fimbo moja na kivuli chake. Na watoto wa pwani wapelekwe wakaone Ngomeni, wajue kuwa jina Uhuru lilipata kupandishwa mbinguni kutoka maji yao. Nne, yeyote aliyekwisha kwenda kwa muuza nyota na atubu leo, kwani mlango wa toba u wazi, na fedha aliyokusudia kupeleka kesho aipeleke penye ada, penye dawa, au penye njaa ya jirani.

Ewe Mola wetu, hukuviumba hivi bure. Tujaalie tuwe katika wenye kutafakari, usitujaalie katika wenye kutazama tu. Zisafishe nyoyo zetu, kwani nyota zako ni safi. Utuongoze sisi, wazee wetu na vizazi vyetu, na uwaongoze waliopotea miongoni mwetu. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, jamaa zake na masahaba wake wote.

Wabillahi tawfiq.